Juma Ikangaa na Gharama ya Kuongoza

Jioni ya leo nimeyapitia tena matokeo ya Juma Ikangaa, mwanajeshi na mwanariadha wa Tanzania, na nimeguswa upya na jinsi nafasi ya pili inavyojirudia ndani yake. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1982 mjini Brisbane alimaliza marathoni kwa 2:09:30, sekunde 12 nyuma ya Robert de Castella wa Australia. Huko Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, akawa wa pili 1989, na wa pili tena 1990. Msomaji mwenye haraka atadhani kwamba huyu alikuwa mtu wa kuishiwa nguvu mwishoni, nami napinga kabisa.

Mbio za Brisbane ndizo ninazozipenda kuliko zote za enzi ile. Ikangaa na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga, ambaye katika michezo hiyohiyo alitwaa dhahabu ya mita 10,000, waliondoka mapema wakaliacha kundi mbali. De Castella alilipunguza pengo kidogo kidogo hadi akamfikia Ikangaa katika kilomita za mwisho na kumpita. Ikangaa hakukubali, akarudi mbele, na wawili hao wakapokezana uongozi kabla Mwaustralia hajapata nafasi ya kuondoka moja kwa moja.

Anayeongoza hukata upepo peke yake na hupanga mwendo bila kumwona mpinzani, wakati aliye nyuma yake anapata nafuu kutokana na kazi hiyohiyo na kuamua kwa utulivu saa ya kushambulia. Naamini Ikangaa aliijua gharama hiyo vizuri. Alichagua kuwachosha mapema wale ambao wangemshinda kwa kasi ya mita mia chache za mwisho, na uchaguzi huo ulihitaji ujasiri ambao jedwali la matokeo haliwezi kuuonyesha.

Njia ya Boston humjaribu sana mkimbiaji wa namna hiyo, kwa sababu huanza kwa mteremko kutoka Hopkinton, kisha huwangojea watu kwa vilima vya Newton baada ya miguu kuchoka. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja tu, akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa huo. Mwaka uliofuata alikuwa Abebe Mekonnen wa Ethiopia, na 1990 Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, ambaye aliwaacha wa mbele waende zao na kuwafuata baadaye.

Ushindi pia aliupata: Tokyo mwaka 1984 na 1986, Fukuoka 1986. Katika Olimpiki alikuwa wa sita Los Angeles na wa saba Seoul. Hata hivyo, siku inayonipa furaha kubwa zaidi ni ile ya Novemba 1989, miezi michache tu baada ya kuikosa Boston kwa mara ya pili, alipokimbia New York kwa mtindo uleule aliokuwa akilaumiwa nao, na safari hii hakuna aliyemfikia. Alimaliza kwa 2:08:01, rekodi ya njia hiyo, na ilidumu hadi mwaka 2001, Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipokimbia kwa 2:07:43.