Trekta la bustani lililia "tak" bila kuwaka

Trekta langu la zamani la kukatia majani, nikigeuza ufunguo, lilikuwa linalia "tak" tu. Betri volti 12.6, nzima kabisa. Nusura ninunue stata (mota inayozungusha injini iwake) mpya. Nikapima kati ya hasi ya betri na bloku ya injini huku ufunguo umegeuzwa: volti 4! Hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Boliti ya waya wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na injini, ilijaa kutu na unga wa kijani. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza.

Stata ikazunguka, ila cheche hakuna. Nikachomoa waya mwembamba wa kuzimia unaoingia kwenye koili inayotengeneza cheche: cheche ya buluu hiyo! Kumbe swichi ya chini ya kiti ilikwama, ikiuunganisha waya huo na ethi muda wote, ndiyo maana cheche ilikatika. Nimebadilisha swichi, waya nikaurudisha, maana ndio unaozima injini dereva akianguka.