Matikiti ya Kahe yametoka

Jamani leo tumevuna matikiti huku Kahe, Moshi, na jua la huku mnalijua, saa nne tu mgongo unaungua.

Dalali kaja na kirikuu chake, kale kagari ka mizigo, anagonga gonga anasema yote tayari, mamkubwa akamwambia hebu subiri kwanza, akainama akanionyesha kale kauzi kalikojikunja karibu na kikonyo, kakiwa bado ka kijani unaliacha, kakikauka ndo unakata. Halafu ligeuze, lile baka la chini liwe la njano sio jeupe.

Tukapasua moja palepale kwa panga.
Jekunduuu, maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko, nyuki nao haooo 😂

Bei ya dalali sasa, tusiongee. Mzigo naupeleka sokoni Mbuyuni mwenyewe.

Nyie mnajuaje lililoiva, au mnagonga tu?