Mifuko Miwili ya Saruji

“Baba, majina yatasomwa?”

Kijana wangu alikuwa ameshika bahasha ya mchango wa ujenzi aliyorudi nayo kanisani, kalamu tayari. Sikumjibu. Nilimwona tena bibi yule wa bondeni, amesimama benchi la tatu upande wa akina mama, na mimi nipo mbele na kaunta buku.

Miaka ile nilikuwa katibu wa Wavinsenti, chama cha Wakatoliki cha kuwasaidia maskini, parokiani kwetu, Moshi. Stoo yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya sakristia, unga na maharage na sabuni vimebanana, wazee wakisubiri nje. Na Julai kule mlimani manyunyu hayaishi. Ndipo tukaamua kujenga jengo la huduma: stoo, chumba cha mganga, darasa la chekechea, na baraza pana ili mzee asubiri bila kulowa. Tukanadi ndizi na kuku baada ya misa, tukazunguka jumuiya ndogo ndogo, tukaandika ahadi. Ahadi zikazidi fedha. Msingi ulipoanza kuota nyasi, kamati ikasema wasiomaliza wasomwe.

Nikasoma. Wenye maduka, walimu, wakulima. Kila aliyetajwa aliinamia kitabu chake cha nyimbo. Nikafika kwenye jina lake, mifuko miwili ya saruji, na mdomo ukatangulia akili.

“Nipo,” akasema, akainuka.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameinuka. Alijifunga upya khanga ya begani, taratibu, kama mtu aliyeitwa kusoma somo.

“Mmoja nitaleta Jumamosi. Wa pili nikiuza kahawa.”

Akabaki amesimama, ananitazama, anangoja nipokee maneno yake. Nikasema, “Asante, bibi.” Ndipo akaketi.

Alhamisi iliyotangulia nilikuwa jikoni kwake na kilo tano za unga. Tangu Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake walipoanzisha chama chetu Paris mwaka 1833, kazi yetu ni kuwatembelea watu majumbani, na jina la anayesaidiwa halitoki nje. Jina nililolificha Alhamisi, Jumapili nililitangaza mbele ya parokia nzima.

Usiku wa Jumapili ile nilichukua rula, nikapiga mstari juu ya jina lake. Niliamini nimesahihisha.

Jumamosi akaja, mjukuu anasukuma toroli, mfuko wa kilo 50 umefunikwa turubai.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Fungua daftari uandike.”

Nikafungua. Kusoma kulimpa shida, lakini mstari aliuona. Akauwekea kidole.

“Nani amenitoa?”

Nikamwambia kamati imeangalia hali yake, na Mungu ameshaupokea moyo wake. Kamati haikuwa imeangalia chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Uliponisoma sikuona aibu,” akasema. “Nilikuwa na wenzangu.”

Nikaandika jina lake upya, chini kabisa ya ukurasa: mifuko miwili, mmoja umepokelewa. Wa pili ulifika baada ya kahawa. Jengo lilichukua miaka minne. Nimemkuta mara nyingi ameketi kwenye ile baraza, anangojea unga wake, na kila mara nilimwamkia nikapita upesi.

Kijana nimemtajia kiasi, ameandika. Kuhusu majina, bado ananingoja.