Kinu kikizima ghafla, nani atabeba mzigo?

Mjadala wa nyuklia hapa Kenya umekwama kwenye ardhi: kwanza Uyombo kule Kilifi, sasa Siaya. Gridi, yaani mtandao wa mitambo na nyaya unaosambaza umeme nchini, haitajwi sana, na mimi naona ndiko kwenye mfupa.

Wahandisi wana kipimo chao cha haraka: mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya uwezo wa gridi nzima. Mitambo yetu yote ni megawati 3,000 na ushei, kwa hiyo tunazungumzia 300. Kinu cha nyuklia cha kawaida ni 1,000.

Hitilafu ikitokea, fito za udhibiti, zinazosimamisha mmenyuko wa nyuklia, huangushwa ndani ya kinu kwa sekunde chache na umeme wote hukatika kwa mpigo. Masafa ya gridi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yanayopaswa kubaki hezi 50, huanza kuporomoka. Swichi za kujiendesha hukata mtaa baada ya mtaa ili kupunguza mzigo. Zikichelewa, mitambo mingine nayo hujitoa kujiokoa, na nchi nzima inaingia gizani. Kinga yake ni kuweka akiba ya megawati 1,000 tayari saa zote, na akiba hiyo inalipiwa hata isipotumika. Saa tisa usiku, viwanda vikiwa vimelala na matumizi yakiwa madogo, hesabu ni mbaya zaidi.

Halafu kinu chenyewe kinaitegemea gridi. Kikiwa kinatoa megawati 3,000 za joto, saa moja baada ya kuzimwa mafuta yake bado yanatoa 40 hivi, na kesho yake 15. Pampu za maji ya kukipoza zisisimame. Gridi ikipotea, jenereta za dizeli hutakiwa kushika ndani ya sekunde 10 hivi, ndiyo maana hujaribiwa kila mwezi. Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, vinu vilijizima sawasawa na jenereta zikawaka. Tsunami ndiyo iliyozizamisha. (Sisi Agosti 2023 umeme ulipokatika, jenereta ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka.)

Ningeanza na nyaya. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida inatuunganisha na Tanzania, na gridi mbili zikizunguka pamoja kwa masafa mamoja pigo hugawanyika. Ile ya Ethiopia inayoishia Suswa ni ya mkondo mnyoofu (DC), usio na masafa: umeme unaingia, lakini masafa yakishuka haisaidii yenyewe mpaka vidhibiti vyake vipangwe hivyo. Kisha vinu vidogo. Urusi inaendesha viwili vya megawati 35 kila kimoja juu ya meli huko Pevek tangu 2020. Kimoja cha hivyo kikizima, gridi yetu ingetikisika kidogo tu.