Waya wa njano chini ya kiti

Taa ya onyo ya eabagi (mfuko wa hewa unaomkinga mtu gari likigonga) ikikataa kuzima, usianze kwa kukata waya. Anza chini ya kiti. Hapo ndipo soketi ya njano ya kikaza mkanda (kifaa cha baruti kinachovuta mkanda wa kiti gari likigonga) huvutwa kila kiti kinaposogezwa, na maji ya kuoshea kapeti hutuama hapo hapo. Kagua kama kifungio kimeingia mpaka mwisho, kama pini zina kutu ya kijani. Ndani ya soketi nyingi kuna kibati chembamba kinachounganisha pini mbili ukiichomoa, ili umeme tuli usifyatue baruti. Kibati kikivunjika, soketi hiyo haifai tena.

Kabla ya kugusa chochote toa kichwa cha hasi cha batri, kisha usubiri: Toyota hutaka angalau sekunde 90, Honda dakika 3. Kompyuta ya eabagi huhifadhi umeme wa akiba, unaotosha kufyatua mfuko hata batri ikiwa nje. Multimita (kipima umeme) usiiweke kamwe kwenye eabagi yenyewe.

Kuhusu kuunga waya, watengenezaji hawakubaliani. Honda inakataza kabisa: waya ukiharibika, badilisha fungu lake lote. General Motors inaruhusu, lakini kwa vibano vyake maalum vinavyozibwa kwa joto. Kwa hiyo tafuta kwanza kitabu cha gari lenyewe. Kulehemu kwa risasi, ninavyoona mimi, kusahaulike kabisa hapa Goma. Risasi hufanya waya uwe mgumu sehemu moja. Barabara zetu za mawe ya lava huutikisa kutwa, nao hukatika kando ya kiungo, ndani ya plastiki, usione kitu. Kiwashio cha baruti ya eabagi kina ukinzani wa takriban omu 2 tu, hivyo kiungo kibovu kidogo kinatosha kuwasha taa. Nyaya mbili zilizosokotwa ziache zimesokotwa, maana msokoto ndio unaozuia mawimbi ya redio na ya plagi za injini.

Kinachoniumiza zaidi ni rezista (kipande kidogo chenye ukinzani) ya omu 2 inayofichwa mahali pa eabagi, hasa kwenye magari ya Japani yaliyohamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Kompyuta huamini mfuko upo, dereva naye huamini, na mbele yake hakuna kitu. Rezista hiyo ni ya kupimia tu, dakika chache, kisha inatolewa.

Ukifungua ufunguo, taa iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Isipowaka hata kidogo, fungua dashibodi: huenda balbu imetolewa au waya wake umekatwa.