Mbuni kachinjwa na nani?

Tangu juzi sauti ya Mama haijanitoka masikioni. "Umeshazoea, ee?" Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mnamjua Shemeji, akipata cheo lazima matumbo yetu yajue. Safari hii katupeleka mkahawa wa Carnivore, Lang'ata, hapa Nairobi, sote pamoja na Mama, ambaye jicho lake lilifunguliwa bandeji Jumanne na anaona vizuri, alhamdulillahi. Pale nyama huchomwa juu ya makaa ikiwa imechomekwa kwenye sime za Kimasai, na wahudumu hawaachi kukukatia mpaka ukilaze kile kibendera cha mezani. Hadi serikali ilipokataza uuzaji wa nyamapori mwaka 2004, hata pundamilia alikuwa akiliwa hapo. Siku hizi maajabu yaliyobaki ni mamba na mbuni, wa kufugwa.

Basi mhudumu kaja na mbuni. Nikasogeza sahani. Mama akamtazama yule kijana.

"Mwanangu, huyu mbuni kachinjwa na nani?"

"Ngoja nikaulize jikoni, Mama."

"Wacha, usijisumbue."

Halafu akanigeukia mimi. Si Shemeji aliyetualika, si mume wangu aliyekuwa anatafuna tayari. Mimi.

"Umeshazoea, ee?"

"Nimezoea nini, Mama?"

Akatabasamu, akaomba viazi.

Nimezoea nini? Nairobi? Kutouliza? Nikiosha vyombo najiuliza, nikiwa kwenye matatu najiuliza. Kazini tumepewa bosi mpya na hata jina lake sijalishika. Shemeji masikini alidhani Mama kamwogopa mbuni, akaanza kumweleza kwamba nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe na haina mafuta mengi. Mama anaitikia tu, "Ahaa. Ahaa."

Kwenye gari ndipo nilipocheka hadi machozi. Binti yangu kamuuliza bibi yake kama aliona kinyaa. Kinyaa! Mama akaanza kumhadithia Mokowe ya utoto wake, kule Lamu, kabla uwindaji haujapigwa marufuku mwaka 1977, babu akirudi na paa, akirudi na kanga wa porini, na siku ya nyati mtaa mzima unanukia.

"Mamba tu ndiye hatumli, na yeye tunamuomba asitule. Lakini mbuni? Shingo yote ile, kisu kikose pa kupita?"

Shemeji nusura atuingize mtaroni kwa kicheko.

Kwa hiyo mbuni hana kesi. Nimebaki mimi. Na tangu siku hiyo hajalirudia neno lile, anakunywa chai yake, anaangalia taarabu kwenye simu kwa jicho lake jipya, kama hakusema kitu.

Maji ya kaunti hayajaja tena leo. Tangi linakaribia chini, na Mama akitawadha hapimi. Nimpigie mwenye lori la maji sasa hivi, au tujikaze mpaka Alhamisi?