Mkia wangu uliniaibisha Ndeeba

Simu ndiyo iliyoniponza. Barabara ya Jinja kuingia Kampala naijua tangu nikiwa tanboi, yaani utingo, wa trela za Mombasa, na najua ukiwa na mkia, yaani kitu unachokivuta nyuma, huna biashara katikati ya mji, ukifika Bweyogerere unakata kulia unashika Northern Bypass, ile barabara ya kuzunguka mji, kilomita kama 21 hivi, unatokea Busega na Masaka Road iko mbele yako, basi. Lakini siku ile ramani ya simu ilinionyesha Bypass nyekundu tupu, jamu, pale Kalerwe na Bwaise, nami sikuwa na trela, nilikuwa na Land Cruiser inavuta karavani, kile kijumba cha magurudumu cha watalii, wazee wawili Wajerumani nawapeleka Ziwa Mburo, nikajiambia aah, hii ndogo hii, si kontena la futi 40, wacha nipite mjini.

Karavani inadanganya jamani. Trela unaliheshimu maana unaliona, umekaa juu huko, kila kitu kiko chini yako. Karavani ni pana kuliko gari linaloivuta, kioo cha ndani kinakuonyesha ukuta mweupe tu, usipofunga vile vioo vya ziada vya pembeni unaenda kipofu. Halafu kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele, yanakata ndani, kwa hivyo kona ya kushoto lazima uende mbele kwanza kama mtu aliyeisahau, ndio ukunje. Dereva aliyenifundisha alikuwa ananipigia kelele, we endesha gurudumu la mwisho, hilo la mbele litajijua!

Kuanzia Nakawa jamu ikatushika. Ukiacha nafasi ya breki mbele yako, maana una tani nyingine inakusukuma mgongoni, bodaboda tatu zinaingia hapo. Ukiacha tena inaingia teksi, ile ya abiria 14, wenyewe hawaiti matatu. Hayo nimeyazoea. Kilichonitoa jasho ni watu kuvuka kati ya gari na karavani. Kweli! Gari limesimama, wanaona kaupenyo, wanaruka kile chuma cha kuvutia. Mama mmoja amevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ameinua nguo kidogo kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika mtoto, akapitisha mguu mmoja, akatulia kumvuta mtoto, na wakati huohuo magari ya mbele yakaanza kusogea na huku nyuma honi pi pi pi. Nisingekuwa macho kwenye kioo sijui ingekuwaje. Bibi Mjerumani alifumba macho kabisa. Tangu hapo kila nikitaka kuondoka naangalia kushoto, kulia, halafu namuuliza mzee, kuna mtu katikati? Yeye ndiye akawa tanboi wangu, na kazi aliipenda.

Clock Tower salama, raundabauti ya Kibuye salama, nikaanza kujisifu. Ndeeba sasa, kwa wauza mbao, pikapu imeegeshwa nusu barabarani inashusha mbao. Nikaipita kulia vizuri, nikarudi kushoto. Mapema mno. Kichwa kimeshapita, mkia bado, na mkia ukakata ndani kwa muuza rolex, ile chapati ya kukunjia mayai. Nikasikia honi, nikasema si ndio Kampala hii, honi ni salamu, nikaendelea. Kama mita 30 hivi bodaboda ananigongea dirisha, wala hana hasira, "Ssebo (bwana), unaenda na mwavuli wa mtu."

Ngazi ya nyuma ya karavani ilikuwa imeunasa mwavuli mzima, ule mkubwa, umefunguka, unaburuzwa lami kama ndege aliyevunjika bawa. Nikarudi kwa miguu nimeubeba, Ndeeba nzima inacheka. Kijana mwenyewe bado anageuza chapati, trei mbili za mayai ziko palepale hata moja halijapasuka, akaniangalia akauliza tu, "sasa mvua ikinyesha?" Nikamlipa elfu 40, nikaagiza rolex nne juu yake, kwa aibu zaidi kuliko njaa.

Wakati huo tumeziba njia, na mbele yangu lori limeshajipachika, ikabidi rivasi. Wale mnaoanza, sikieni: ukitaka mkia uende kulia, usukani kushoto, na polepole, kwa sababu karavani fupi inajikunja haraka kuliko semitrela ndefu, ukichelewa kurekebisha kidogo tu imeshapiga pembe. Yule wa bodaboda akashuka akasimama nyuma, "jangu, jangu, jangu... mpola mpola!" yaani njoo, njoo, polepole. Kioo kimoja namtazama yeye, kingine natazama mbao. Tulitoka bila kugusa ubao hata mmoja.

Busega nikamkuta nani? Dereva wa trela la saruji niliyemwacha Bweyogerere anakunja kuingia Bypass. Ameegesha, amemaliza chai, ananipungia mkono.

Kayabwe tukasimama ikweta, wazee wakapigana picha pale kwenye ule mduara, mmoja huku mwingine kule. Mimi nikazunguka nyuma kukagua taa na mnyororo wa usalama, nikakuta waya mmoja wa mwavuli umejizungusha kwenye ngazi, na kitambaa chekundu saizi ya leso kinapepea.